Kamba Wekundu wa Silantoi

Kwa miaka kumi na tisa, Silantoi Loishiye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kufika kwenye banda la mbolea la shamba moja la maua pale Usa River. Wenzake walikata waridi, wakafunga mafungu, wakahesabu mashina. Kazi yake yeye ilikuwa maji. Alikuwa na matangi manne makubwa ya plastiki, mifuko ya mbolea ya kila aina, dumu la tindikali lililofungwa kwa mnyororo, na vipimo viwili vidogo mfano wa kalamu: kimoja cha pH, kingine cha kupima wingi wa chumvi iliyoyeyuka. Kila asubuhi, kabla maji hayajafika kwenye waridi, yalipita mikononi mwake. Akisema bado, hakuna bomba lililofunguliwa, hata kama bosi amesimama pale anatazama saa.

Alizaliwa Terrat, kwenye boma la Waarusha waliofuga mbuzi na kulima mahindi na maharage, na kama watoto wengi wa upande ule, maji yalimgonga muhuri mapema. Meno yake ya mbele yana rangi ya kahawia. Hayafichi. Mgeni akimkazia macho mdomoni, yeye mwenyewe humweleza kwamba Meru ni mlima wa moto, na maji yake hutembea sana ndani ya mawe kabla ya kufika kisimani, kwa hiyo hayafiki mikono mitupu. "Mtu wa Arusha," husema, "hawezi kusema maji ni maji."

Mwezi wa pili wa mwaka ule shamba lilifunga mabanda sita, na mashine moja kutoka nje ikachukua nafasi ya watu watatu wa mbolea. Silantoi alikuwa na miaka arobaini na saba. Hakulia wala hakubembeleza. Alikabidhi funguo, akakabidhi buti, lakini ile kalamu ya kupimia chumvi, ambayo alikuwa ameinunua mwenyewe baada ya ile ya shamba kuharibika, aliitia mfukoni akaondoka nayo.

Nyumbani kwake ni Daraja Mbili, Arusha mjini, vyumba viwili na ua mdogo, pamoja na mumewe Eliamini Sumari, Mmeru wa Nkoaranga, fundi vioo. Mtoto wao Lesian alikuwa chuoni Dodoma. Eliamini akishatoka asubuhi kwenda kukata vioo vya madirisha ya watu, nyumba ilinyamaza kimya. Kwa wiki kadhaa Silantoi alipanga kabati, akafua mapazia, kisha akapanga tena kabati lile lile. Ndipo mdogo wake Naserian, mpishi kwenye loji moja kando ya barabara ya Moshi, alipompigia simu kwamba wanatafuta mtu wa bustani. Silantoi hakuuliza swali la pili. Alivaa viatu akaenda.

Siku ya tatu ya kazi alikuwa akiingiza vyungu vya maua mapokezi alipoliona tangi. Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda, lenye majani ya majini, mizizi ya miti na samaki wembamba wa rangi ya fedha. Na juu ya mawe walikuwepo kamba, wekundu kama pilipili iliyoiva, kila mmoja hapiti ukucha wa kidole gumba. Silantoi aliweka chungu chini. Alikuwa akijua kamba ni wa baharini, wa kuliwa na watu wa pwani. Hakujua kwamba wako wanaoishi maji baridi maisha yao yote. Aliwatazama wakidonoa mawe kwa vijikono vyao bila kupumzika, kama wanawake wanaochambua mchele, na kwa mara ya kwanza tangu aache banda la mbolea alijisikia yuko mahali pake.

Kisha akawaona waliokufa. Walikuwa wawili, nyuma ya jiwe, na kila mmoja alikuwa na pete nyeupe imemzunguka katikati ya mwili, kama amefungwa uzi.

Meneja wa loji aliitwa Oscar, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye haraka za watu wenye kazi nyingi. Alimweleza kwamba mwenye loji alileta kamba mia mbili kutoka Nairobi mwezi wa kwanza, na sasa hawafiki thelathini. Kila wakifa, Oscar humpigia simu bwana mmoja anayefuga samaki miaka mingi, na bwana yule humwambia maji yamechafuka, abadilishe. Oscar hubadilisha nusu ya tangi kwa maji ya kisima cha loji, na kesho yake wanakufa zaidi. Amechoka. Mwisho wa wiki atawatoa waliobaki, abaki na samaki.

Silantoi alimwomba ruhusa, akatoa kalamu yake mfukoni, akaichovya ndani ya tangi. Ilisoma mia saba na ishirini. Chini ya tangi, kwenye kabati, alikuta boksi la dawa za kupimia maji kwa matone, lililonunuliwa pamoja na tangi na halijawahi kufunguliwa. Alisoma karatasi ya maelekezo akiwa amesimama. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kupima magadi: unadondosha tone moja moja hadi maji yabadilike rangi. Alihesabu matone kumi na nane. Chupa ya pili ilikuwa ya kupima chokaa na ndugu zake, yale madini yanayofanya maji yaitwe magumu. Tone la tatu tu, rangi ikageuka.

Hakumwambia Oscar kitu siku ile. Alirudi nyumbani akasoma kwenye simu kila alichokipata kuhusu kamba wa maji baridi, na asubuhi alikuwa na jibu.

"Meneja, hawa hawaumwi," alimwambia. "Maji haya yana magadi ya kutosha kulainisha makande ya mtaa mzima, lakini chokaa karibu hakuna. Kamba akitaka kukua anavua gamba lote, anajenga jipya kwa madini anayoyachota majini. Hapa hapati. Gamba la zamani linagoma kutoka, linapasuka katikati. Ile pete nyeupe ndiyo hiyo."

Oscar aliuliza kama yule bwana wa kwenye simu anakosea, na uzoefu wake wote ule.

"Maji ya kwake siyajui. Labda huko anasema kweli. Haya ya hapa nayajua. Na kila ukimwaga nusu ya tangi kwa pigo moja unawashtua, wanavua kabla hawajawa tayari."

Oscar alimtazama mama huyu wa bustani mwenye tope kwenye viatu, akatazama tangi. Hakuwa na cha kupoteza. Siku ile ile aliwakamata kamba wote waliobaki, ishirini na sita, akampa ndani ya ndoo yenye mfuniko. "Wakiishi, mama, njoo uniambie," alisema. "Wakifa, yaishe hukohuko."

Eliamini alimtengenezea tangi kwa vipande vilivyobaki alipokata kioo cha meza ya mteja, akaviunganisha kwa silikoni, akamtahadharisha asiguse kwa siku tatu. Mama yake Silantoi, kule Terrat, aliposikia kwa simu kwamba binti yake anafuga kamba, aliuliza ni za kufungia ndama au za kuanikia nguo.

Ilikuwa mwezi wa nne na mvua za masika zilikuwa zinanyesha. Silantoi aliiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha akakinga. Kalamu ilisoma nane. Yalikuwa maji matupu kabisa, na maji matupu nayo hayajengi gamba. Kwa hiyo akaanza kuyatengeneza, kama alivyofanya maisha yake yote. Alichukua mapipa matano ya mvua kwa moja la bomba, ili magadi kidogo yabaki na kuyatuliza maji yasipande na kushuka. Alinunua jasi kwenye duka la pembejeo kwa ajili ya chokaa, na ile chumvi ya magnesiamu aliyokuwa akiwapa waridi majani yakianza kuwa manjano. Kulikuwa na mbolea nyingine ya chokaa inayoyeyuka upesi zaidi, lakini ile hubeba naitreti, na naitreti ikizidi ni sumu kwa kamba, akaiacha dukani. Alipima kwa mzani mdogo wa viungo, akakoroga, akapima, akaandika kwenye daftari la mistari ya hesabu. Alipofikisha matone saba ya ugumu na matatu ya magadi, akajua yako sawa.

Yalikuwa sawa kweli. Kosa lilikuwa haraka. Aliwatoa kamba kwenye maji ya loji akawatia moja kwa moja kwenye maji yake mapya, na kesho yake tisa walikuwa wamelala ubavu.

Hilo lilimuuma kuliko kuachishwa kazi. Yeye aliyemfundisha Oscar habari za mshtuko ndiye aliyeshtua. Alikaa kwenye kigoda mbele ya tangi, akatazama kumi na saba waliobaki, akaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: POLEPOLE. Akaenda duka la dawa kununua mpira wa dripu. Tangu siku ile, kamba yeyote wa Silantoi akihamishwa, maji mapya humjia tone kwa tone kwa saa nne, kama mgonjwa wa wodini.

Mwezi wa sita alikuta gamba la kwanza limeelea kwenye majani. Lilikuwa zima, jembamba kama karatasi ya sigara, na miguu yote na masharubu yote, mwenyewe kalivua kama shati akaenda zake. Silantoi alilichukua kwa kijiko akampelekea Eliamini kule kazini kwake, na mafundi wenzake wakaacha kukata vioo, wakasogea kutazama. Wiki mbili baadaye kamba jike mmoja alionekana amebeba mayai chini ya tumbo. Baada ya mwezi, vitoto vilikuwa vinatembea juu ya mawe, vidogo kama alama ya mkato daftarini. Eliamini akatengeneza tangi la pili, kisha la tatu. Kufikia mwisho wa Agosti, Silantoi aliacha kuwahesabu mmoja mmoja. Walipita mia mbili.

Tatizo lilikuwa mvua. Kiangazi kilipokaza, mapipa ya uani yaliisha, na hapo ndipo Nkoaranga ilipoingia.

Mama yake Eliamini, Bibi Ruth, ana miaka sabini na minne na anaishi peke yake kwenye shamba la kahawa na migomba mteremkoni mwa mlima. Kwenye kona ya nyumba yake kuna simtanki kubwa linalokinga maji ya paa wakati wa masika. Miaka ishirini na minne nyuma, Eliamini alipomleta binti wa Kiarusha nyumbani, Bibi Ruth hakuficha kwamba angependa Mmeru mwenzao. Hakuwahi kumtukana wala kumnyima chakula. Alimtendea Silantoi kama mgeni anayeheshimiwa, na mgeni akibaki mgeni kwa miaka ishirini na minne anajua. Lakini aliposikia habari za maji alisema wachote, tangi ni la nyumba. Kila Jumamosi ya pili mke na mume wakapanda na guta la mizigo, wakajaza madumu, wakarudi.

Jumamosi moja ya Septemba walikuta maji tayari yamechotwa. Karibu na mlango wa jiko kulikuwa na pipa la plastiki la bluu, limejaa hadi juu na kufunikwa kwa kitambaa cheupe. Bibi Ruth alieleza kwamba bomba la simtanki linatoa maji taratibu, naye hataki wasimame juani. Pipa hilo alilitoa stoo mwezi uliopita, akaliosha, na hata yeye sasa anachota humo maji ya chai na ya kunywa.

Silantoi alimtazama yule mama mzee, aliyekuwa amekonda na kitenge kikimpwaya, akawaza amebeba ndoo ngapi kutoka kwenye bomba hadi hapa. Alimshukuru kwa mikono miwili. Bibi Ruth alisema si kitu. Kuhusu kukonda, alieleza kwamba tumbo linamsumbua, kichefuchefu kila asubuhi, na zahanati wamempa dawa za vidonda vya tumbo. Anakula uji tu.

Nyumbani Silantoi alipima maji ya pipa. Kalamu ilisoma kumi na tano. Safi. Akachanganya kama kawaida na kuongeza kwenye tangi la kwanza na la pili. La tatu aliliacha hadi Jumatatu. Hiyo ilikuwa kanuni yake tangu shambani: mchanganyiko mpya haupelekwi mabanda yote siku moja.

Jumapili walipotoka kanisani aliona mambo kabla hajavua viatu. Kwenye matangi mawili kamba walikuwa wamelala chali, wachache waliobaki hai wamepanda juu ya mpira wa hewa wakitafuta kutoka majini. Konokono wadogo, ambao siku zote hushika kioo, walikuwa wameanguka chini na kujifungia. Tangi la tatu lilikuwa salama, kila mmoja anadonoa jiwe lake.

Eliamini alisimama mlangoni na Biblia mkononi. Silantoi hakupiga kelele. Alipima magadi, sawa. Alipima ugumu, sawa. Kalamu, sawa. Akaweka vipimo chini akafikiri. Kalamu huhesabu chumvi zote kwa jumla, haitaji majina. Basi humu mmeingia kitu kidogo chenye meno makali, kisichodhuru majani, kinachoua kamba na konokono. Alikijua. Shambani walikuwa na dawa ya namna hiyo ya ukungu, na msimamizi wao wa zamani aliwahi kuwaonya wasiimwage mfereji unaoelekea mtoni, kwa sababu itaua kila chenye gamba.

Alimgeukia mumewe. "Lile pipa la bluu, marehemu baba yako alikuwa analitumia kwa kazi gani?"

Eliamini alianza kujibu kwamba lilikuwa la stoo tu. Kisha akakumbuka utoto wake, baba yake na fito mkononi akikoroga mrututu, dawa ya ukungu ya kahawa, maji ya bluu kama anga.

"Mrututu," alisema. Halafu uso wake ukabadilika. "Na mama anayanywa."

Mchana ule ule walipanda Nkoaranga. Bibi Ruth alikuwa amekaa kibarazani, akashangaa kuwaona tena. Walimwamkia, akaitikia, akauliza wamesahau nini jana. Silantoi alikaa kwenye mkeka karibu na miguu yake na kumweleza taratibu, tangu mwanzo, bila kupunguza wala kuongeza.

Bibi Ruth alijikaza. "Nililiosha mara tatu, Mama Lesian. Kwa sabuni, kwa mchanga. Unadhani ningekupa kitu kichafu?"

"Hapana, mama. Kingekuwa kichafu ningekiona. Naomba nikuonyeshe kitu."

Eliamini alimwaga maji yote, akalilaza pipa ubavu. Silantoi aliingiza kisu cha jiko kwenye mfereji mwembamba unaozunguka kitako kwa ndani, mahali ambapo sabuni wala mchanga haufiki, akakwangua. Ukoko ulitoka. Ndani ya pipa la bluu mtu asingeuona maisha yake yote, kwa kuwa ulikuwa wa bluu vilevile. Aliutia kwenye glasi, akakamulia ndimu tatu. Eliamini alisugua msumari kwa msasa hadi ukang'aa, akautumbukiza.

Walingoja. Silantoi alichota maji mapya kutoka simtanki, akachemsha chai, akamimina vikombe vitatu. Bibi Ruth hakugusa chake. Macho yake yalikuwa kwenye glasi. Chai ilipopoa, Silantoi alivuta msumari. Sehemu iliyokuwa ndani ya ndimu ilikuwa nyekundu, rangi ya senti tano ya zamani.

"Hiyo ni shaba, mama. Ndiyo iliyomo kwenye mrututu. Maji ya mvua ni matupu, yana njaa, yanabeba chochote yanachokikuta."

Bibi Ruth alichukua msumari, akaugeuza, akaupangusa kwenye kitenge. Rangi haikutoka.

"Nimekunywa dawa ya kahawa mwezi mzima," alisema. Kisha akauliza, "Hao wadudu wako wamekufa wangapi?"

"Mia moja na thelathini na kitu."

"Kwa sababu ya pipa langu."

"Kosa ni langu," Silantoi alisema. "Shambani hakuna pipa lililoingia bandani kwangu bila kuliuliza lilibeba nini. Jana sikuuliza. Nilifurahi kwamba umenichotea maji, furaha ikanifunga mdomo."

Mkono mkavu wa Bibi Ruth ulishuka ukakaa juu ya kichwa cha mkwe wake, ukabaki pale, naye Eliamini akajifanya anatazama migomba.

Jumatatu walimpeleka zahanati na msumari wenyewe ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Mganga aliutazama, akamsikiliza Silantoi hadi mwisho, akamwandikia bibi vipimo vingine na kumwambia la kwanza ni kuacha maji yale. Alishayaacha. Katika wiki ya pili kichefuchefu kilikoma, na katika wiki ya tatu Bibi Ruth alipiga simu mwenyewe kusema amekula ndizi za nyama akamaliza sahani. Eliamini alilitoboa lile pipa kitako kwa mashine, matundu kumi na mawili, asije mtu mwingine akalionea tamaa.

Silantoi alianza upya. Alimwaga maji ya matangi mawili, ambamo hakubaki hata mmoja hai, pamoja na mchanga wake, akavisugua vioo, akaviacha juani wiki nzima. Katika tangi la tatu walikuwepo themanini na kitu, na hao walitosha. Alijua njia sasa, na mvua za vuli zilipokuja zilimkuta amepanga mapipa yake mwenyewe, mapya, kila moja limeandikwa tarehe kwa rangi. Kufikia mwezi wa kwanza, matangi yote matatu yalikuwa mekundu.

Ndipo alipokwenda kumwambia Oscar kwamba wameishi.

Hakuwarudisha siku hiyo. Kwanza alimwambia wafunge simtanki chini ya paa la jengo la mapokezi. Kisha kwa mwezi mzima, kila Jumanne na Ijumaa, alitoa ndoo mbili tu za maji ya tangi la loji na kurudisha ndoo mbili alizozitengeneza, hadi chupa za matone zikasema saba na tatu. Samaki hawakujua kilichokuwa kinatokea. Oscar alikuwa akipita na karatasi zake, anasimama kidogo, anaondoka. Siku moja alimwomba amwandikie mchanganyiko, ili wafanyakazi waufuate.

Silantoi alichana ukurasa kwenye daftari lake akaandika: mvua kiasi hiki, kisima kiasi hiki, jasi, chumvi ya magnesiamu, yote kwa gramu. Oscar alisoma mistari minne, akageuza karatasi kuona kama kuna upande wa pili.

"Ni hii tu, mama?"

"Ni hiyo tu."

"Sasa wewe tutakuhitaji kwa kazi gani?" Alisema kwa utani, lakini si utani mtupu.

"Karatasi hiyo ni ya maji ya leo," Silantoi alimjibu. "Vumbi la Agosti likitua juu ya bati, fundi akipaka paa rangi, mtu akibadilisha bomba akaweka la shaba, karatasi haitajua. Mimi nitajua."

Oscar alicheka, akakunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa shati. Wiki hiyo hiyo bustani ilipata mtu mwingine, na Silantoi akaandikiwa mkataba wa maji: tangi la mapokezi, bwawa la mayungiyungi, na vyungu vyote vya maua ambavyo majani yake yalikuwa yamekauka ncha kwa sababu ya magadi bila mtu kujua.

Kamba mia moja walipelekwa loji siku ya Alhamisi, ndani ya ndoo moja. Silantoi alining'iniza mpira wa dripu kutoka ukingo wa tangi hadi ndooni, akaufunga fundo moja, akahesabu matone mawili kwa sekunde, akakaa kwenye kiti cha wageni na kusubiri saa zake nne. Wageni waliopita walimuuliza anafanya nini, akawaeleza, na mmoja akakaa naye hadi mwisho. Mchana aliwashusha kwa wavu mdogo, kumi kumi. Walijificha kwenye mizizi. Kisha mmoja akatoka, akapanda jiwe, akaanza kudonoa, na wengine wakamfuata.

Silantoi alikunja mpira, akasuuza ndoo, akaenda jikoni kumsalimia Naserian.